Mla kuku aweza kumhurumia kuku? Swali kutoka mpaka wa Busia na Malaba

JOGOO alifika nyumbani akiwa hai, lakini kwa shida. Miguu yake ilikuwa imefungwa kwa kamba ya mpira, akaning'inizwa kichwa chini kwenye usukani wa bodaboda pamoja na wenzake watatu, na kusafirishwa hivyo kutoka sokoni mjini Busia hadi kijijini kwetu upande wa Matayos. Alipowekwa chini alilala ubavu, mdomo wazi, akihema.

Ilikuwa siku moja kabla ya Krismasi. Binti yangu, ambaye anasoma katika chuo kikuu kimoja jijini Nairobi, alimfungua kamba, akamnywesha maji, kisha akatangaza mbele ya watu wote kwamba kesho yake hangekula nyama ya jogoo huyo, wala ya mnyama mwingine yeyote, tangu siku hiyo.

Kwa msomaji asiyelijua eneo la magharibi, kauli hiyo yaweza kuonekana ndogo. Si ndogo. Kwa Waluhya kuku, yaani ingokho, si kitoweo tu. Ni lugha ya ukaribisho. Mgeni asiyechinjiwa kuku hujiona hakukaribishwa, na mgeni anayemkataa kuku aliyechinjiwa huonekana amemkataa mwenyeji. Jogoo huyo alikuwa amenunuliwa na mama yangu mzazi, kwa pesa alizokusanya kwa kuuza njugu, ili kumkaribisha mjukuu wake.

Nikajikuta kati ya mama yangu na binti yangu, na swali ambalo kwa zaidi ya miaka hamsini ya maisha yangu sikuwahi kulijibu: je, mtu anayekula nyama aweza kusema kwa moyo mweupe kwamba anawajali wanyama? Na je, asiyekula, ameepukana na lawama?

Miiko ya kale na huruma ya leo

Wengi huwadhania vijana wanaoacha nyama kuwa wameiga mambo ya Ulaya na Marekani. Dhana hiyo ina ukweli kidogo na upungufu mwingi. Ni kweli kwamba vuguvugu la kutetea wanyama kwa sura yake ya sasa lilikomaa huko. Mwaka wa 1789 mwanafalsafa Mwingereza, Jeremy Bentham, alipendekeza kuwa tunapoamua jinsi ya kumtendea mnyama, kipimo kiwe uwezo wake wa kuumia, si uwezo wake wa kunena au kufikiri. Mwaka wa 1944 kiliundwa nchini Uingereza chama cha watu wasiotumia chochote kitokacho kwa mnyama, iwe nyama, maziwa, mayai au asali. Na mwaka wa 1975 mwanafalsafa wa Australia, Peter Singer, alichapisha kitabu kilicholipeleka suala hili katika vyuo vikuu kote duniani.

Lakini kujizuia kula mnyama fulani si jambo geni kwetu. Miongoni mwa Wateso wa Malaba, Amukura na Amagoro, koo zina miiko yao, na baadhi ya miiko hiyo humhusu mnyama ambaye watu wa ukoo hawamli. Waluhya nao wana koo zenye wanyama wa mwiko. Waislamu hawali nguruwe, na dini yao inamwagiza mchinjaji akinoe kisu vyema na asimwongezee mnyama mateso. Waadventista Wasabato, ambao misheni yao ilianza Gendia, karibu na Ziwa Victoria, mwaka wa 1906, hawali nguruwe pia, na baadhi yao wameacha nyama kabisa. Nayo jamii ya Waoshwal, Wajaini ambao wazazi wao walianza kufika Kenya kutoka Gujarat, India, mwishoni mwa karne ya 19, hawali nyama kwa sababu imani yao inakataza kudhuru kiumbe hai. Wamefanya biashara na kulea watoto nchini kwa zaidi ya karne moja bila kuonja nyama.

Hata hivyo, ni vyema tusichanganye mambo. Miiko mingi ya kale haikutokana na huruma kwa mnyama. Mingine ilihusu ukoo, mingine usafi, na mingine mamlaka. Mfano ulio karibu nasi ni ule uliowakataza wanawake wa Kiluhya kula kuku na mayai. Mwiko huo haukumwokoa kuku hata mmoja, kwani aliliwa na wanaume.

Mama yangu aliulea ujana wake chini ya mwiko huo. Aliposikia tangazo la mjukuu wake hakukasirika kama nilivyohofia. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Sisi tulimlisha kuku, tukamfungia usiku, tukamchemsha, mwisho tukaambulia harufu. Mimi nilikatazwa. Huyu amejikataza mwenyewe. Si kitu kimoja."

Sikuwahi kuisikia tofauti kati ya katazo na uamuzi ikielezwa kwa ufupi zaidi.

Je, mnyama anahisi?

Msingi wa hoja ya binti yangu ni kwamba mnyama anahisi maumivu na hofu. Katika hili sayansi iko upande wake. Mwezi Julai 2012 kundi la wataalamu wa ubongo waliokutana Cambridge, Uingereza, walitia saini azimio kwamba mamalia na ndege wote, pamoja na baadhi ya viumbe wengine kama pweza, wana mfumo wa neva unaowezesha ufahamu. Mwaka wa 2003 watafiti wa Uingereza walikuwa wameonyesha kuwa samaki aina ya trauti ana neva zinazotambua jeraha, na kwamba akidhurika mwenendo wake hubadilika. Mwaka wa 2022 sheria ya Uingereza iliwatambua hata kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia.

Turudi kwa jogoo wetu. Kuku hana kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo katika mwili wa binadamu. Anaponing'inizwa kichwa chini, matumbo yake huteremka na kuvibana viungo vya kupumulia. Ndiyo maana hupanua mdomo. Safari ya nusu saa katika hali hiyo, juani, ni nusu saa ya kutafuta pumzi. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, lakini kamba ya kumzuia asipotee ni jambo moja, na kamba ya kumtundika ni jambo jingine.

Inasikitisha kidogo kwamba chombo kinachotumika ni bodaboda. Neno hilo lilizaliwa katika mpaka huu huu, enzi waendesha baiskeli walipowavusha wasafiri katika ardhi iliyo kati ya vituo vya forodha vya Kenya na Uganda, huku wakiita kwa sauti neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka. Leo pikipiki zimechukua nafasi ya baiskeli, na abiria mmojawapo ni kuku.

Njia nne, na hesabu ya kila moja

Mtu anayetaka kupatanisha sahani yake na dhamiri yake ana njia nne kuu, na hakuna iliyo nyofu kabisa.

Ya kwanza ni kuacha kila kitu kitokacho kwa mnyama. Ndiyo njia iliyo wazi kuliko zote, lakini ni ngumu kuifuata hadi mwisho. Viatu vya ngozi je? Ngoma ya isukuti, ambayo mwaka wa 2014 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa haraka, kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Anayecheza isukuti harusini hawezi kudai kuwa maisha yake hayakumgusa mnyama.

Ya pili ni kuacha nyama na kuendelea na maziwa na mayai. Hiyo ndiyo iliyochaguliwa na binti yangu. Ina utata ambao wengi hawaufahamu. Ng'ombe hatoi maziwa pasipo kuzaa, na ndama dume, asipokuwa wa kulima au wa kupandisha, mwisho wake ni buchani. Mayai nayo, yakitoka katika mashamba makubwa ya kibiashara, yana historia yake. Katika viwanda vya kuangulia vifaranga wa kutaga, majogoo huuawa siku ile ile wanapoanguliwa kwa kuwa hawatagi, wala hawanenepi upesi kama kuku wa nyama. Ujerumani ilipiga marufuku tendo hilo kuanzia mwaka wa 2022. Vizimba vidogo vya kawaida vya kuku wa mayai vilipigwa marufuku katika Umoja wa Ulaya mwaka wa 2012. Hivyo basi, trei ya mayai ya kizimba yaweza kubeba mateso mengi kuliko jogoo wa kienyeji aliyetembea uani kwa miezi mingi kabla ya kuchinjwa.

Ya tatu ni kupunguza. Hapa pana mtego wa hesabu. Ng'ombe mmoja wa kienyeji hutoa nyama ya zaidi ya kilo 100. Kuku wa kienyeji hutoa kilo moja hivi, au zaidi kidogo. Familia inayoacha nyama ya ng'ombe na kuhamia kwa kuku, kwa sababu za afya au gharama, huongeza idadi ya wanyama wanaochinjwa kwa ajili yake karibu mara 100. Akihamia omena, wanaovuliwa usiku kwa taa ziwani na kuanikwa Port Victoria na Sio Port, kilo moja huwa na mamia ya samaki. Iwapo uhai mmoja ni sawa na mwingine, hesabu hiyo inatisha. Iwapo ng'ombe anahisi zaidi ya omena, hesabu hubadilika. Hakuna mizani inayoweza kulipima jambo hilo kwa hakika, lakini ni heri kujua kwamba kupunguza nyama nyekundu si lazima kuwe kupunguza vifo.

Ya nne ni kuendelea kula, lakini kwa kujali mnyama alivyoishi, alivyosafirishwa na alivyochinjwa. Hii ndiyo njia ya walio wengi, na ndiyo iliyo rahisi kugeuzwa kisingizio. Mtu aweza kusema anajali, kisha asiulize chochote buchani mwaka mzima.

Suala la lishe

Kuna hoja nyingine ambayo watetezi wa wanyama hawana budi kuikabili bila kukwepa. Kati ya mwaka wa 1998 na 2000 watafiti waliendesha majaribio katika shule 12 za msingi eneo la Embu. Watoto wa baadhi ya shule walipewa githeri iliyotiwa nyama, wengine githeri na maziwa, wengine githeri iliyoongezwa mafuta, na wengine hawakupewa chakula cha ziada. Waliopata nyama walionyesha maendeleo makubwa zaidi katika majaribio ya kufikiri, na misuli yao ilikua zaidi.

Sababu inaeleweka. Nyama ina madini ya chuma na zinki ambayo mwili huyapokea kwa urahisi, na vitamini B12 haipatikani katika mimea ya kawaida. Mtu mzima wa mjini anayeacha kila kitu cha mnyama aweza kununua vidonge au chakula kilichoongezwa vitamini hiyo. Mtoto wa miaka miwili kijijini, anayelishwa uji mtupu, hana njia hiyo. Yai moja kwake si anasa. Kumhubiria mama yake aache mayai kwa ajili ya huruma ni kumhurumia kuku na kumsahau mtoto.

Hata hivyo, hoja hii isitumiwe na mtu mwenye tumbo lililoshiba. Mwenye kula nyama choma kila Ijumaa, Jumamosi na Jumapili hawezi kujificha nyuma ya mtoto wa Embu. Tena jikoni mwa kimagharibi mna utajiri wa mboga: kunde, mrenda, mito, saga na mnavu, pamoja na maharagwe, njugu na ufuta. Vizazi vilivyotutangulia havikula nyama kila siku. Nyama ilikuwa ya mgeni, ya matanga, ya harusi na ya sikukuu. Kwa mtazamo huo, anayepunguza nyama anarudi nyumbani.

Punda na nguruwe

Mapenzi yetu kwa wanyama, kwa kweli, hayana mizani sawa. Tazama kisa cha punda. Mwaka wa 2012 sheria ya Kenya iliruhusu punda achinjwe kwa ajili ya nyama, na baadaye machinjio manne yakafunguliwa, hasa kulisha soko la ngozi nchini China. Sensa ya mwaka wa 2009 ilihesabu punda takriban milioni 1.8, ile ya 2019 ikahesabu takriban milioni 1.2. Wakenya walilalamika, serikali ikapiga marufuku uchinjaji huo mwaka wa 2020, na mwaka uliofuata mahakama ikalibatilisha agizo hilo. Mwezi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafikiana kuzuia biashara ya ngozi za punda barani.

Waliompigania punda wengi wao hula ng'ombe. Punda huchota maji na kubeba mizigo, hivyo mwenyewe akiibiwa ni riziki iliyoibiwa. Lakini maksai wa Wateso naye hulima shamba miaka na miaka, na akizeeka huuzwa kwa mchinjaji. Tofauti iko katika mazoea yetu, haiko katika maumivu yao.

Nguruwe ni mfano mwingine. Busia ni eneo la wafugaji wadogo wa nguruwe, na watafiti wa taasisi ya kimataifa ya mifugo, ILRI, wamechunguza hapa kwa miaka mingi magonjwa yanayohama kutoka kwa mnyama hadi kwa binadamu. Nguruwe anayezurura na kula kinyesi hupata mayai ya minyoo aina ya tegu, na nyama yake isipoiva vyema humwambukiza mlaji. Mayai ya tegu yakimwingia binadamu yaweza kufika kwenye ubongo na kusababisha kifafa. Dawa ya kwanza ni vyoo, na ya pili ni banda. Lakini nguruwe anayefungwa kamba mguuni kutwa nzima, bila kivuli wala maji, ameepushwa na tegu na kutumbukizwa katika mateso. Banda lenye kivuli humfaa yeye, mfugaji na mlaji pia. Mara nyingi ndivyo ilivyo: ustawi wa mnyama na afya ya binadamu hutembea njia moja.

Yaliyo ndani ya uwezo wetu

Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, iliyopo tangu miaka ya mwanzo ya 1960. Inakataza kumpiga mnyama kikatili, kumbebesha mzigo kupita uwezo wake, na kumsafirisha kwa namna inayomtesa pasipo sababu. Kuna pia mashirika ya kuwatetea, kama vile KSPCA, ambalo historia yake inaanzia mwaka wa 1910, na ANAW, lililoundwa mwaka wa 2006. Lakini sheria na mashirika hayawezi kusimama kwenye kila njia ya vumbi kati ya Malaba na Matayos. Kazi hiyo ni ya wanunuzi.

Mnunuzi aweza kudai kuku wake abebwe ndani ya tenga, wima, penye hewa. Aweza kukataa mnyama aliyejeruhiwa, na kumweleza muuzaji sababu. Aweza kuuliza buchani nyama ilichinjwa wapi na kama ina muhuri wa mkaguzi. Mfugaji naye aweza kutoa maji na kivuli, kutibu majeraha, na kumchinja mnyama kwa kisu kikali, mbali na wenzake. Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji fedha nyingi au digrii.

Hapa ndipo mama yangu alipotutega sote wawili. Usiku ule wa kuamkia Krismasi, akiwa anachambua mrenda kwa ajili ya mjukuu wake, alimuuliza kwa upole: "Haya, umekataa kumla. Yule jogoo aliyening'inizwa, umemsaidia nini?"

Binti yangu alijibu kwamba angalau hakushiriki.

"Ni kweli," akasema kukhu wake. "Mikono yako ni safi. Lakini mwenye pikipiki hakujua kama umekataa. Yeye anamsikia anayenunua." Kisha akanigeukia mimi, mnunuzi wa miaka yote. "Na wewe je, baba yangu? Umewala wangapi, na umemwambia nani?"

Sikuwa na jibu. Nimehariri habari za watu wengine kwa miaka mingi, nikiuliza kila mwandishi ana uhakika gani na alichokiandika, lakini sikuwahi kuuliza kuku wangu alifikaje mezani.

Siku ya Krismasi jogoo alichinjwa. Binti yangu alikula ugali wa wimbi kwa mrenda na mito, vikiwa na ufuta uliosagwa, na bibi yake alikaa karibu naye na kula alichokula yeye, ingawa bakuli la kuku lilimpitia mara mbili. Mimi nilikula kuku. Sitadai kwamba nimeacha.

Nilipokwenda tena nyumbani wakati wa Pasaka nilipita kwanza kwa msusi wa vikapu, nikanunua tenga. Muuza kuku pale sokoni alicheka akaniuliza kama kuku wangu ni bwana harusi. Nikamwambia nitamnunua kwake kila nikija, kwa sharti aingie humu. Alimtia mwenyewe, akafunga kifuniko. Mwenye bodaboda alilalamika kwamba tenga linakula nafasi ya kuku watatu, nami nikamlipa nafasi hiyo. Njiani nilimsikia jogoo akikwaruza nyuma yangu, na tulipofika alitoka akiwa amesimama kwa miguu yake.